Ukikuta sarafu kwenye sanduku la bibi

Mwezi uliopita alinijia kijana wa Wete na sarafu saba zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Bibi yake amefariki, watu wamefungua sanduku la njumu kugawana vitu, na chini kabisa, kwenye kile kijisanduku cha siri, wamekuta fundo. Kabla ya kufika kwangu alikwishapita kwa mtu mmoja hapa mjini, akaambiwa zote ni shaba tu, lakini kwa kumwonea huruma atapewa elfu kumi kwa fundo zima. Kijana akasita. Nilizimwaga kwenye kitambaa, nikazipima moja moja. Tatu zilikuwa rupia za Malkia Victoria, za fedha, kila moja na karibu gramu kumi na nusu za fedha safi ndani yake. Mbili robo ana za India. Moja pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, yenye picha ya mizani. Ya saba, iliyokuwa inang'ara kuliko zote na ambayo mjomba mtu ndiyo aliyoitegemea, ilikuwa bandia.

Yananiuma mambo haya. Mmoja anauza cha kweli kwa bei ya kutupa, mwingine ananunua cha uongo kwa bei ya kumfilisi, na wote wawili wangeokoka kwa dakika kumi za kupima. Basi nayaandika ninayoyafanya mie, na kila mtu anaweza kuyafanya kwake.

Mie ni mtoto wa sonara. Baba alikuwa na kibanda Chake Chake, na kazi yangu nikitoka skuli ilikuwa kumshikia mizani. Watu walimletea rupia na reale, zile sarafu kubwa za fedha za Maria Theresa, aziyeyushe, awafanyie bangili na vikuku. Nyingi zimeishia humo. Baba hakujua Kiingereza wala Kichina. Aliiweka sarafu kwenye mizani kwanza, halafu ndipo akavaa miwani aitazame. Utaratibu huo sijaubadilisha: pima, ndipo usome. Maandishi ndicho kitu cha kwanza anachokiiga mghushi.

Unachohitaji ni mizani ndogo ya betri inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, kama wanazotumia masonara, rula ya milimita, sumaku, kioo cha kukuzia cha mara kumi, gilasi ya maji na uzi mwembamba. Basi.

Kwanza ujue zinatoka wapi. Unguja na Pemba zilitumia rupia ya India mpaka mwaka 1936, ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki na kila rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Rupia ilikuwa ana 16, na kila ana pesa nne, kwa hivyo pesa 64 kwa rupia. Neno letu "pesa" lenyewe ni hiyo paisa ya Wahindi. Ndiyo maana kitu utakachokikuta mara nyingi zaidi kwenye fundo la bibi ni rupia na robo ana. Kisha reale, kisha vijisarafu vya Maskati, na mara chache sana sarafu ya Kichina yenye tundu.

Mizani

Rupia ya fedha, kuanzia ya mfalme William wa 1835 mpaka ya George wa Sita ya 1939, ina gramu 11.66 ikiwa mpya, na upana wake ni kiasi cha milimita 30 na nusu. Fedha yake ni asilimia 91.7. Iliyopita mikononi mwa watu miaka hamsini huwa imepungua kidogo: 11.5, au 11.4 kama imesuguka sana. Ukiona 10.2 au 12.3, isimamishe hapo hapo, usisikilize maneno mengine. Rupia kongwe zaidi za wafalme wa Mughal wa India, zilizopigwa kwa nyundo na hazina duara kamili, nazo zina karibu gramu 11 na nusu. Maandishi yake huwa yamekatika pembeni kwa sababu muhuri ulikuwa mpana kuliko kipande cha fedha, na hilo ni jambo la kawaida.

Reale ya Maria Theresa si ya Asia kwa asili, ni ya Austria, lakini hapa petu imeingia kwa mkono wa Arabuni na biashara ya bahari, nayo bado imo masandukuni. Uzani wake ni gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, upana kiasi cha milimita 40. Nakuja kwake baadaye, kwa sababu ndiyo iliyonitia hasara.

Gilasi ya maji

Hapa nitakaa, kwani hichi ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Mghushi akiwa na metali nyepesi kuliko fedha ana njia mbili tu. Akiipa sarafu upana na unene wa kweli, uzani unapungua. Akitaka uzani wa kweli, lazima aifanye nene. Maji yanamkamata kwa njia zote mbili.

Weka gilasi ya maji juu ya mizani, nusu au robo tatu. Bonyeza kitufe mpaka isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji, lakini isiguse chini wala ubavuni. Mkono wako uwe umetulia. Mie huuegemeza kiwiko mezani. Ukiona vipovu vimeng'ang'ania kwenye uso wa sarafu, itikise kidogo vitoke, maana kila kipovu kinadanganya. Sasa mizani itasoma namba ndogo. Chukua uzani wa sarafu kavu, gawa kwa namba hiyo.

Rupia ya kwanza ya yule kijana ilikuwa gramu 11.58 kavu. Ndani ya maji mizani ilisoma 1.12. Gawa: 10.34. Hiyo ndiyo fedha ya rupia, haswa. Nikimfanyia tena mbele ya macho yake, akashika uzi mwenyewe, ikasoma 1.13, jibu likawa 10.25, tofauti ya kutetemeka mkono. Ukipata kati ya 10.2 na 10.4, tulia. Ingekuwa shaba iliyochanganywa na nikeli, ile metali nyeupe inayopendwa na waghushi, kwa uzani huo huo mizani ingesoma kama 1.30, na jibu lingekuwa 8.9. Shaba ya njano inatoa kama 8.5, zinki inashuka mpaka karibu 7. Reale ya kweli inatoa kiasi cha 10.2, yaani ndani ya maji isome karibu na 2.75.

Kipimo hichi hakiikwaruzi sarafu wala hakiiunguzi. Sonara akikwambia lazima aikate kidogo au aitie asidi ndipo ajue, mshukuru, chukua sarafu yako uondoke.

Sumaku na sauti

Fedha na shaba hazivutwi na sumaku. Sarafu inayojiita ya fedha ikaruka kwenye sumaku, ina chuma ndani. Lakini usiwe mwepesi wa kuhukumu: rupia za India za 1947 zilitengenezwa kwa nikeli tupu, na sumaku inazivuta. Ni halali kabisa, ila si fedha. Utazijua kwa simbamarara anayetembea. Na za 1940 mpaka 1945 ni fedha nusu tu, kwa hivyo kwenye maji hazitafika 10.3, usizitupe kwa sababu hiyo.

Sauti nayo inasaidia. Isimamishe sarafu kwenye ncha ya kidole, iguse na nyingine. Fedha inalia kwa muda, inanyanyuka halafu inafifia taratibu. Risasi inasema "dup" inanyamaza. Ila hapa visiwani kuna jambo la kulijua: bibi zetu walizivaa. Rupia nyingi zimewahi kutiwa kipete wakaning'iniza kwenye kidani, kisha kipete kikatolewa. Tazama juu ya kichwa cha malkia kama kuna alama ya lehemu. Iliyolehemiwa hailii vizuri hata kama ni ya kweli, na bei yake kwa wakusanyaji inashuka. Kwangu mie thamani yake haishuki, maana ile alama ni shingo ya mtu.

Sasa soma

Sisi tuna bahati. Mtoto wa chuoni aliyemaliza juzuu anazijua tarakimu za Kiarabu, na nusu ya sarafu hizi zinaandikwa kwazo. Pesa ya Sayyid Barghash ina mizani upande mmoja na mwaka ١٢٩٩, yaani 1299 wa Hijria. Kuupata mwaka wa Miladi kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 uongeze 622. Utapata 1882. Ukiona ٢ imegeuzwa ikafanana na ٦, au herufi za Kiarabu haziungani zinapotakiwa kuungana, ujue aliyechonga kalibu alikuwa anachora tu, hasomi.

Kabla ya pesa ya Barghash, Kampuni ya Uingereza (East India Company), iliyokuwa ikitawala kule Bombay, ilikuwa na pesa za shaba zenye mizani vilevile, na kati ya vitanga viwili neno عدل, adili. Nzuri zaidi kati ya hizo zina miaka miwili: wa Miladi upande mmoja, wa Hijria upande wa pili. Hapo mghushi hujikwaa. Ya 1804 lazima iwe na 1219. Ya 1833 iwe na 1249. Piga hesabu yako. Miaka isipokutana, irudishe.

Mwaka ulioandikwa lakini si lazima uwe mwaka wa kupigwa. Rupia za Victoria zenye 1840 ziliendelea kupigwa na mwaka huo huo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1860, na zenye 1862 zikaendelea hivyo mpaka 1874. Kwa hivyo mtu akikuuzia rupia ya 1862 kwa bei kubwa akisema ni ya mwaka wa kwanza, zipo tele. Za 1877 kuendelea zinasema VICTORIA EMPRESS. Za kabla ya hapo VICTORIA QUEEN. Ukikuta EMPRESS na mwaka 1862, umeshika uongo. Rupia ya 1939 ni adimu sana, na wenye hila huchezea tarakimu ya mwisho ili waipate. Iweke chini ya kioo cha kukuzia: tarakimu iliyochezewa huwa na mkwaruzo pembeni, au imekaa juu kidogo kuliko wenzake.

Rupia ya 1911 ya mfalme George ina kisa. Kwenye vazi la mfalme pana nembo ya tembo, lakini mchongaji akampa mkonga mfupi, watu wa India wakamwona nguruwe, na Waislamu wakachukizwa. Serikali ikaziondoa, na 1912 tembo akapata mkonga wake. Kitafute kijinyama hicho kwa kioo, chini ya kidevu cha mfalme, kwenye mkufu. Ya 1911 yenye mkonga mrefu uliochongwa vizuri ina walakini.

Usiite kila kibovu bandia. Robo ana za Sultani Faisal bin Turki wa Maskati, nyingi za mwaka 1315, zimepigwa vibaya, zimekaa upande, na jina lake kwa herufi za Kizungu limeandikwa FESSUL. Ndivyo zilivyo. Mie huanza kuingiwa na shaka ninapoiona imenyooka na inang'ara.

Na usiite kila cha ajabu hazina. Kuna vipande vya shaba vyenye sura za miungu ya Kihindu upande mmoja na EAST INDIA COMPANY upande wa pili, mara mwaka 1818, mara 1616. Kampuni haikupata hata mara moja kutoa sarafu ya namna hiyo. Ni vitu vya kuuzwa kwa watu wa ibada na watalii, na huko India matapeli husema vinavuta mchele. Akikujia mtu na sarafu inayovuta mchele, funga mlango.

Usiku wa reale nne

Mwaka mmoja, Ramadhani, baada ya tarawehe, umeme umekatika, alikuja mtu na reale nne. Alikuwa na maneno matamu: babu yake nahodha, jahazi lilitoka Sur, mama mgonjwa anataka kupelekwa Dar. Nilizitazama kwa taa ya simu. Mizani ilikuwa ndani, mkoba umefungwa, na mtu ana haraka ya boti ya asubuhi. Nikalipa. Asubuhi nikazipima: 23.4, 23.1, 23.6, 23.3. Nililia, si kwa sababu ya pesa tu. Baba alikuwa amenifundisha nikiwa na miaka tisa.

Ningegeuza ukingo tu ningejua. Reale ya kweli ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka ukingoni, pamoja na vijipambo. Zangu zilikuwa na meno tu kama rupia. Na nilipoziweka chini ya kioo cha kukuzia niliona vipele vidogo vidogo mashavuni mwa malkia, kama uso wa uji uliopoa. Hivyo ni vipovu vya kusubu, yaani metali iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Sarafu ya kweli hupigwa kwa muhuri, uso wake ni laini kati ya herufi, na herufi zina kingo kali. Iliyosubiwa kwenye kalibu inakuwa kama sabuni iliyotumika, na mara nyingi ukingoni pana mstari mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, au alama ya tupa iliyopita kuuficha.

Mwaka 1780 usikushughulishe. Reale zote za Maria Theresa zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa, hata zilizopigwa baada ya miaka mia na hamsini. Hata Bombay walizipiga wakati wa vita vya pili vya dunia. Ya kweli ni ile yenye fedha na uzani wake. Ukongwe ni suala jengine.

Za Kichina

Zile zenye tundu la mraba hazikupigwa, zilisubiwa, kwa hivyo kanuni ya vipele haizishiki moja kwa moja. Za kweli zilipangwa kwenye kijiti cha mraba, nyingi kwa pamoja, zikapigwa tupa ukingoni. Utaona mikwaruzo midogo kuuzunguka ukingo, imesuguliwa na miaka. Mpya zina ukingo mkali au mviringo kama kitufe. Nyingi za nasaba ya Qing zina upana wa milimita 22 mpaka 28 na gramu tatu na nusu mpaka nne na nusu. Kubwa kama kisosi ni mapambo.

Husomwa juu, chini, kulia, kushoto. Baadhi za Song, nasaba ya kale zaidi kuliko Qing, huzunguka kama saa. Mgongo wa Song mara nyingi mtupu. Mgongo wa Qing una maneno mawili ya Kimanchu, lugha ya watawala wao, kushoto na kulia, kama Kiarabu kilichosimamishwa wima. Rangi ya njano peke yake haithibitishi kitu, maana Qing walitumia shaba ya njano. Kutu ndiyo itazame: ya kweli imeshikana na metali, ngumu, rangi mbili tatu. Ya kupakwa inatoka kwa pamba na spiriti, na chini yake unakuta shaba mpya. Na ujue za Qianlong, mfalme mmoja wa Qing, zilitolewa kwa wingi mno. Ya kweli si utajiri.

Ile ya saba ya kijana ilijifanya dola ya fedha ya Yuan Shikai, rais wa China wa wakati huo, mwaka wa tatu wa Jamhuri yao, yaani 1914. Wachina wenyewe huiita kichwa kikubwa. Ni miongoni mwa sarafu zinazoghushiwa sana duniani. Ya kweli ina kiasi cha gramu 26.7 mpaka 26.9, upana milimita 39. Ya mjomba ilikuwa 21.9, na sumaku ikaishika kama sindano.

Usiisafishe

Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno: vyote viache kwa ajili ya sinia. Ile rangi nyeusi ya fedha na ya hudhurungi ya shaba ndiyo ngozi ya sarafu, ikitoka hairudi. Kama ina mchanga, maji safi, kisha iache ikauke juu ya kitambaa. Usiitie kwenye mifuko laini ya plastiki. Kwa joto na chumvi ya hewa yetu inatoa ute wa kijani. Bahasha ndogo za karatasi zinatosha, mbali na ukuta wa chokaa unaotoa unyevu.

Ukiikuta ardhini, shambani au pwani, hilo ni jambo jengine kabisa. Usichimbe zaidi. Kajengwa, Makunduchi, zilikutwa sarafu za Kichina za Song. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walitoa zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi. Waliweza kutuambia ni za lini kwa sababu zilikutwa pahala pake, pamoja. Piga picha, weka alama, wapelekee habari watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale.

Kijana wa Wete hakuuza kitu. Nilimpa bahasha saba, akaandika kwa mkono wake kwenye kila moja: uzani, mwaka, jina la bibi yake na tarehe ya kufunguliwa sanduku. Kwenye ya saba nikamwambia aandike BANDIA kwa kalamu nyekundu, aiweke pamoja na zenzake, asiitupe, ili atakayelifungua sanduku baada yake awe na ya kulinganishia.